Filamu za Kidunia na Mafunzo ya Imani: Mzigo wa Mfasiri Migori na Homa Bay

Si mbali na mji wa Kendu Bay, katika Kaunti ya Homa Bay, lipo ziwa dogo la magadi ambalo wenyeji huliita Simbi Nyaima, yaani kijiji kilichozama. Inasimuliwa kwamba bikizee mmoja alifika kijijini humo usiku wa karamu, akiwa hoi kwa njaa na uchovu, akafukuzwa nyumba baada ya nyumba mpaka mwanamke mmoja alipompokea na kumpa chakula na moto wa kuota. Bikizee akamhimiza mfadhili wake aondoke pamoja na jamaa zake. Na walipokwisha kwenda, maji yakakifunika kijiji kizima, ngoma na pombe na wachezaji wake. Mhubiri anayeisikia sigana hiyo hahitaji kutafutiwa sura ya Biblia ya kuilinganisha nayo. Sodoma imo humo, na Lutu yumo humo, ila safari hii Lutu ni mwanamke wa Kiluo, na wageni wawili wamekuwa kizee mmoja mwenye matambara. Hata hivyo, sigana si ya Kikristo. Haikutungwa na kanisa wala kwa ajili ya kanisa.

Katika sehemu hiyo hiyo ya pwani ya Ziwa Viktoria ndipo kilipo kilima cha Gendia, ambako mwaka 1906 Waadventista Wasabato walianzisha misheni yao ya kwanza katika nchi ambayo leo ni Kenya, chini ya Arthur Carscallen, akiwa pamoja na Peter Nyambo kutoka Nyasaland, Malawi ya leo. Carscallen huyo aliandika sarufi ya Dholuo, na misheni ikaleta mtambo wa kuchapishia vitabu. Kwa hivyo, kuhusu lugha na maandishi, Gendia ina sifa zake. Lakini kanisa lililozaliwa hapo lilikuja na onyo ambalo limedumu kwa vizazi vingi: muumini ajiepushe na majumba ya michezo ya kuigiza na, baadaye, ya sinema. Si Wasabato peke yao waliosema hivyo. Makanisa mengi ya Kiprotestanti ya Nyanza Kusini yaliihesabu sinema pamoja na dansi na pombe. Suala linalojadiliwa katika makala haya limelala kati ya ziwa lile na kilima hiki: je, kisa ambacho hakikutungwa kwa ajili ya imani chaweza kufundishia imani?

Swali hili si la darasani tu. Walimu wa Elimu ya Dini ya Kikristo, makatekista, viongozi wa vijana na wa vyama vya Kikristo shuleni wana kipakatalishi na projekta, au angalau televisheni moja na jenereta, na wana vijana ambao hotuba ya saa nzima huwalaza usingizi. Kishawishi cha kutumia filamu ni kikubwa. Wengine huchukua filamu za kidini, hususan ile iitwayo Jesus ya mwaka 1979, ambayo imetiwa sauti za lugha zaidi ya elfu mbili, Kiswahili na Dholuo zikiwamo. Wengine huona kwamba vijana tayari wanatazama filamu za kidunia, na kwamba ni busara kuanzia pale walipo. Wapinzani wao husema kwamba huko ni kumwalika shetani mezani ili aombee chakula.

Pingamizi hilo halifai kupuuzwa kwa kejeli. Lina ukoo mrefu: mwishoni mwa karne ya pili na mwanzoni mwa ya tatu, Tertullian wa Karthago, Mwafrika wa kaskazini, aliandika kitabu kizima cha kuwakataza Wakristo kwenda kwenye maonyesho ya Warumi. Ila ukoo wa upande wa pili ni mrefu zaidi. Nabii Nathani alipotaka kumfanya Daudi auone uovu wake, hakumsomea torati. Alimsimulia kisa cha tajiri aliyempokonya maskini mwanakondoo wake wa pekee, kisa kisichotaja Mungu hata mara moja, na mfalme akajihukumu kwa kinywa chake mwenyewe. Mtume Paulo, mbele ya Wagiriki wa Areopago, alinukuu watunzi wao wenyewe. Naye Basili wa Kaisaria, katika karne ya nne, aliwaandikia vijana jinsi ya kufaidika na fasihi ya wapagani. Kwa hiyo anayeleta filamu ya kidunia kanisani hana haja ya kujiona mzushi.

Hata hivyo, uhalali wa jambo si sawa na ubora wa namna linavyofanywa. Dai la makala haya ni kwamba umuhimu hauko katika filamu kuwa ya kidunia au ya kidini. Umo katika yule anayesimama kati ya pazia na watazamaji, na katika maneno anayoyachagua. Kiswahili kina kitenzi kinachombana mtu huyo barabara: kufasiri. Kufasiri ni kuhamisha maneno kutoka lugha moja hadi nyingine. Na kufasiri pia ni kueleza maana ya jambo, kama ndoto au andiko. Katika ukumbi wa filamu kazi hizo mbili hufanywa kwa pumzi moja, na aghalabu anayezifanya hajui kwamba anafanya ya pili.

Historia ina mfano ambao wanafunzi wa Kiswahili wangefaa kuujua zaidi. Kati ya mwaka 1935 na 1937, Baraza la Kimataifa la Wamishenari liliendesha, kwa fedha za Shirika la Carnegie la Marekani, jaribio la kutengeneza filamu za kuwaelimisha Waafrika. Makao yake yalikuwa Vugiri, katika milima ya Usambara, na wasimamizi wake walikuwa Meja L. A. Notcutt na G. C. Latham. Filamu hizo zilizungushwa Tanganyika, Kenya, Uganda, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini. Ingawa mlezi wa jaribio alikuwa baraza la kimisheni, mada zake zilikuwa za kidunia kabisa: safura, benki ya akiba ya posta, kilimo, kodi. Picha hazikuwa na sauti yake. Maelezo yalitiwa kwenye sahani za gramafoni kwa lugha kadha za Kiafrika, Kiswahili kikiwamo. Sauti hiyo ilikuwa na kazi moja, nayo ni kumwambia mtazamaji alichopaswa kukiona. Iliaminiwa kwamba Mwafrika hangeweza kufuata kisa chenye mizunguko, kwamba picha iende polepole na maelezo yamshike mkono. Haikuwaziwa kwamba mtazamaji angekuwa na la kujibu.

Kejeli ya historia ni kwamba miongo mingi baadaye watu wale wale waliodhaniwa hawawezi kufuata filamu walizaa mtindo wao wa kusimama mbele ya pazia. Nchini Tanzania, Derek Gaspar Mukandala, aliyejulikana zaidi kwa jina la Lufufu, alisimulia upya kwa Kiswahili filamu za Kihindi, za Kichina na za Marekani. Uganda ikapata wasimulizi wake wa Kiganda. Kenya ikampata DJ Afro, ambaye sauti yake ilivuma katika vibanda vya video vya mitaani na vya vituo vya biashara, kabla simu za mkononi hazijavipunguzia wateja. Wachezaji filamu wa Hong Kong au Hollywood walipewa majina ya nyumbani, wakasutana kwa misemo ya mtaani, na mtazamaji asiyejua Kiingereza alicheka kabla ya anayekijua. Wapo wanaharibu sikio la msanifu wa lugha wakitaja Kiswahili cha vibanda hivyo. Lakini anayesoma fasihi simulizi atamtambua fanani mara moja: ana hadhira hai, hubadilisha kisa kwa kuitazama, huacha, huongeza, hutia chumvi, na akichosha hurushiwa maneno. Sahani ya gramafoni ya Vugiri haikurushiwa neno.

Fanani huyu si malaika. Mara nyingi hugeuza kipigo cha mwanamke kuwa kichekesho, na hupenda damu kuliko hoja. Hoja ni kwamba kijana wa Awendo, wa Rongo au wa Mbita anapoletwa kanisani kutazama filamu, haji kama debe tupu. Amekwisha kufunzwa na msimulizi namna ya kutazama, na namna hiyo ni ya majibizano. Mwalimu wa dini anayesimamisha filamu kila dakika kumi ili atoe somo anarudi Vugiri bila kujua.

Sasa zichukuliwe filamu zenyewe. Ipo Yesterday, filamu ya Afrika Kusini ya mwaka 2004 iliyoongozwa na Darrell Roodt, ambayo iliteuliwa kuwania tuzo ya Oscar katika kundi la filamu za lugha za kigeni. Mhusika mkuu ni mwanamke wa kijijini aitwaye Yesterday, anayeigizwa na Leleti Khumalo, yule yule aliyeigiza Sarafina katika filamu ambayo Wakenya wengi wameitazama. Yesterday ana binti mdogo, Beauty, na mume, John, anayefanya kazi katika migodi ya Johannesburg. Anaugua. Anatembea mwendo mrefu hadi kliniki, anapanga foleni, anarudishwa kwa kuwa daktari hawezi kuwaona watu wote siku hiyo. Hatimaye anaambiwa kwamba ana virusi vya UKIMWI. Anasafiri kwenda kumwarifu mumewe, na mumewe anampiga. Baadaye John anarudi nyumbani amedhoofika, majirani wanaingiwa na hofu, hospitali haina kitanda, na Yesterday anamjengea mgonjwa wake kibanda nje ya kijiji kwa mabati na vipande vya vyuma alivyookota. Anamuuguza humo hadi anapokata roho. Nia yake yeye ni moja tu: asife kabla Beauty hajaingia shule.

Ni vigumu kupata filamu inayogusa Homa Bay na Migori kuliko hii. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2018 ulionyesha kwamba kati ya watu wazima wa Homa Bay, asilimia 19.6 waliishi na virusi hivyo, ilhali kiwango cha nchi nzima kilikuwa asilimia 4.9, Migori nayo ilikuwa miongoni mwa kaunti zilizoathirika zaidi. Nyuma ya tarakimu hizo yako maboma yaliyolelewa na nyanya, na wanafunzi walioandika insha kuhusu yatima bila kuhitaji kubuni. Filamu haimtaji Yesu kama mwokozi wa mtu yeyote, na haimalizii kwa ungamo. Ni ya kidunia. Lakini mwanamke anayemjengea nyumba mtu aliyekataliwa na kijiji kizima ni jirani wa yule aliyempokea bikizee wa Simbi.

Filamu hiyo imechezwa kwa Kizulu, na tafsiri yake ya Kiingereza hupita chini ya picha kwa kasi ambayo wengi hawaiwezi. Mwanafunzi wa Kiswahili atakayekuwapo atanasa neno hapa na pale, kwani Kizulu na Kiswahili ni ndugu wa Kibantu: abantu atalisikia kama watu, inyama kama nyama, ukufa kama kufa. Mkuria wa Kehancha atanasa vilevile. Mluo hatanasa, maana Dholuo ni ya ukoo mwingine. Lazima basi awepo mtu wa kufasiri. Na hapo ndipo mzigo wenyewe unapoanza.

John anapokonda na ngozi kumharibika, msimulizi ataita nini kinachomla? Aseme ugonjwa, UKIMWI, adhabu, au chira? Katika imani ya Waluo, chira ni hali ya kudhoofika inayompata aliyevunja mwiko, au aliye wa nyumba yake, na huondolewa kwa dawa na matambiko yanayostahili. Neno hilo lipo kinywani mwa kila mtu, ni fupi, ni la nyumbani, na hadhira italipokea bila swali. Msimulizi anayependa kueleweka atalichukua. Na akilichukua tu, amekwisha kufundisha theolojia nzima: kwamba kuna mwiko uliovunjwa, kwamba aliyevunja atafutwe, na kwamba macho yamgeukie mke. Akisema adhabu ya Mungu, amefanya jambo lile lile kwa lugha ya kanisa. Injili ya Yohana ina sura nzima juu ya kipofu wa tangu kuzaliwa, ambamo wanafunzi wanauliza ni nani aliyetenda dhambi, yeye au wazazi wake, nao wanajibiwa kwamba si yeye wala wao. Neno moja la msimulizi laweza kulifuta jibu hilo kabla katekista hajafungua Biblia yake.

Hatari ya pili ni kubwa zaidi kwa kuwa imevaa vazi la wema. Ni rahisi mno kusimama baada ya filamu na kusema: tazameni mke mwema, alipigwa akasamehe, akamuuguza mumewe mpaka kufa, nanyi akina mama vumilieni. Ukumbi utaitikia amina. Lakini kusamehe si kuvumilia, na Kiswahili hakijapata kuyachanganya maneno hayo. Wanaoyachanganya ni wasemaji. Anayesamehe analiachilia deni kwa hiari yake. Anayevumilia anaubeba mzigo kwa kuwa hana njia. Kupatana ni jambo la tatu, linalohitaji pande mbili, na kurehemu ni la nne. Filamu ya Roodt haikusema kwamba Yesterday alifanya vyema kupigwa. Ilionyesha kipigo kuwa kipigo. Tena mtazamaji makini atakumbuka kwamba baada ya maziko Yesterday anachukua nyundo na kukibomoa kile kibanda. Kwa nini akibomoe? Kwa hasira? Kwa kumaliza matanga kwa mikono yake? Ili mtoto asikikute? Filamu haijibu. Mhubiri wa uvumilivu hulazimika kuisahau nyundo, na filamu anayoifundisha inakuwa si ile iliyoonyeshwa.

Kanuni ya kwanza ya uhakiki, ambayo kila mwanafunzi wa mwaka wa kwanza huifahamu, ni kwamba dhamira haing'olewi katika kazi kama jino. Inashangaza jinsi kanuni hiyo inavyosahauliwa katika ukumbi wa kanisa. Mfano wake mwepesi ni The Lion King ya mwaka 1994, ambayo walimu wa shule za Jumapili duniani kote wameipenda, na ambayo Waswahili wana haki ya kuidai ada, kwa kuwa imejichotea Simba, Rafiki, Pumbaa na hata Shenzi bila kuwauliza. Wapo wanaosema mfalme anayekufa ni Kristo. Wapo wanaosema mwana anayekimbia ni mwana mpotevu. Si kila mfalme anayekufa ni Kristo, na huyu wa pili angalau ana mashiko. Kinachochekesha ni wale wanaotwaa maneno hakuna matata kuwa muhtasari wa imani isiyoogopa. Katika filamu, maneno hayo ndiyo kishawishi chenyewe: ndiyo yanayomfanya Simba akae porini akila wadudu huku nchi ya babake ikiangamia. Anayeyahubiri kama tumaini anahubiri upande wa anayekimbia.

Je, filamu za kidini zenyewe ni salama zaidi? Si lazima. Yesu wa filamu ya mwaka 1979 ni Mwingereza, Brian Deacon, na anapozungumza Dholuo safi mbele ya wakulima wa miwa wa Awendo kuna jambo linalosemwa ambalo halimo katika Injili ya Luka. Huko huko Migori, mlima wa Got Kwer ni mahali patakatifu pa Legio Maria, kanisa lililojitenga na Wakatoliki mwanzoni mwa miaka ya 1960, ambalo waumini wake walimwona Simeo Ondeto kuwa Masihi mweusi. Mtu anaweza kulikataa fundisho hilo na bado akaelewa kiu iliyolizaa. Zipo pia filamu za Nijeria ambazo ni shida kuzipa jina, kwani zinauzwa sokoni kama bidhaa nyingine yoyote, lakini mwishoni mchungaji hushinda. Karishika, ambayo ndani yake pepo wa kike anatumwa na Lusiferi kuwaharibu wanadamu, ilisafiri hadi Tanzania na kusimuliwa upya kwa Kiswahili. Filamu ya namna hiyo hupita mlangoni mwa kanisa bila kukaguliwa, kwa kuwa ina maombi na ina Biblia. Lakini inamfundisha mtazamaji kumtafuta pepo katika mwili wa mwanamke aliye jirani. Mei 2008, katika eneo la Kisii, linalopakana na kaunti zote mbili, watu 11 walioshukiwa uchawi walichomwa moto wakafa. Filamu haikuwachoma. Lakini anayechagua filamu ya kufundishia kwa kuhesabu Biblia zilizomo anahesabu kitu kisichofaa.

Kwa upande mwingine, Kenya yenyewe imetoa kazi ambayo haihitaji mkalimani na inahitaji sana mfasiri wa ile maana ya pili. Supa Modo, iliyoongozwa na Likarion Wainaina na kutolewa mwaka 2018, imechezwa kwa sehemu kubwa kwa Kiswahili. Msichana wa miaka tisa, Jo, ana ugonjwa usiopona. Anarudishwa nyumbani aishi siku zake za mwisho, na dada yake anawashawishi wanakijiji wajifanye kwamba Jo ana nguvu za shujaa wa sinema. Baadaye kijiji kizima kinatengeneza filamu ambamo yeye ndiye shujaa. Humo yumo pia msimulizi wa kibanda cha video, mwenye sauti ile ile ya mitaani, na watoto wanamtazama kama waumini wanavyomtazama mhubiri. Maswali ya imani yamejaa humo pasipo mtu kuyapandisha mimbarini. Je, kumdanganya mtoto anayekufa ni upendo au ni woga wa wakubwa? Mama yake anapotaka kumfungia ndani apumzike, anamlinda Jo au anajilinda yeye? Jo mwenyewe anajua zaidi ya wanavyodhani. Darasa la kipaimara lenye yatima wawili au watatu haliwezi kutoka hapo likiwa kimya, na katekista atakayejibu maswali hayo kwa haraka atakuwa amewaibia.

Yapo mambo ya kiutawala ambayo hayafai kurukwa ingawa hayana utamu. Sheria ya Kenya ya filamu na michezo ya jukwaani, Sura ya 222, huhitaji kibali kwa maonyesho ya hadhara, na Bodi ya Uainishaji wa Filamu huzipanga filamu kwa umri wa watazamaji. Mwalimu makini hutazama filamu yote peke yake kabla ya kuwaonyesha watoto wa watu. Kipigo cha John si cha macho ya darasa la nne. Na kuna lile jambo dogo la nakala. Diski nyingi zilizowahi kuuzwa kando ya barabara za Migori na Homa Bay hazikumnufaisha mtunzi hata kwa senti. Amri ya nane haifundishiki vizuri kwa filamu iliyoibwa.

Limebaki suala la lugha ya mjadala wenyewe, na hapa wapenzi wa Kiswahili wanapaswa kujichunga wasivute ngozi upande wao. Mji wa Migori una Waluo, Wakuria, Wasuba, Waabagusii, Waluhya na wafanyabiashara kutoka kila pembe. Isebania iko mpakani, na Sirari ya Tanzania iko ng'ambo ya kizuizi. Katika kusanyiko la namna hiyo Kiswahili si anasa. Ni lugha ambayo ndani yake hakuna mwenyeji wala mgeni, na kijana wa Kikuria anaweza kumjibu mzee wa Kiluo bila kuonekana ameingia bomani mwake pasipo kubisha hodi. Katika vijiji vya Rachuonyo au Ndhiwa hali ni tofauti. Mjane wa miaka sitini ambaye filamu ya Yesterday imemkumbusha kaburi la mwanawe atasema kwa Dholuo au hatasema kabisa. Kumlazimisha aseme Kiswahili ni kumnyamazisha kwa heshima. Historia ya Kisuba, lugha iliyomezwa na Dholuo katika visiwa vya Rusinga na Mfangano na bara lililo karibu navyo, inatosha kuonyesha kwamba hata lugha za Kiafrika humezana zenyewe. Msimulizi anaweza kutumia Kiswahili wakati wa kuonyesha na kuachia mazungumzo yaende kwa lugha yatakayoichagua, mradi neno chira likizuka lijadiliwe waziwazi na lisipite kama tafsiri ya kawaida.

Idara za Kiswahili zinafundisha tafsiri, ukalimani na fasihi simulizi kama kozi tatu, zenye mitihani mitatu. Mhitimu anayerudi nyumbani Oyugis au Suna amebeba zote tatu, na Jumapili ya kwanza ataombwa na kamati ya vijana awasaidie na mashine. Watamwomba aunganishe nyaya. Wachache watafikiri kumpa kipaza sauti, na yeye mwenyewe, akiona Kiswahili cha vibanda ni cha kihuni na cha mimbarini ni kizito, huenda akakirudisha kwa aliyezoea. Filamu itaanza, John atarudi kutoka mgodini akiwa mifupa mitupu, na mtu fulani gizani atauliza kwa sauti ana nini huyo. Jibu litakalotolewa wakati huo ndilo watakalokwenda nalo nyumbani.